Fibroidi: Maradhi Tunayoyafunika kwa Kanga

Wasomaji wangu wamezoea kuniona katika ukurasa huu nikizungumzia tenzi, misemo ya kanga na mambo ya harusi zetu. Leo nitazungumza juu ya kitu ambacho hizo kanga zimekificha miaka mingi, na naomba radhi mapema kwa atakayeona kuwa nimevuka mpaka wa haya. Nililifikiri jambo hili muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Aliyenisukuma ni binti wa dada yangu, nami nitafika kwake.

Mwaka 2009 nilialikwa harusini Kibokoni, hapa Mombasa, nisome shairi nililomtungia bibi harusi. Nilikuwa na umri wa miaka 40. Chini ya buibui nilikuwa nimejifunga kanga mbili juu ya vitambaa, na bado nilikuwa na hofu. Nilipoitwa nisimame nisome, sikusimama. Nilijua kuwa nikiinuka, mkeka wa watu utakuwa na alama. Nikasema nina kizunguzungu, shairi likasomwa na msichana mwingine, naye akalivunja mizani kila ubeti, nami nimekaa pale pale natabasamu. Nilitoka wa mwisho, usiku, watu walipokwisha tawanyika. Mwenye nyumba, Mungu amrehemu, aliuona ule mkeka. Akaukunja kimya, akautia uani, wala hakuniuliza neno. Na mimi sikumwambia.

Kizunguzungu, hata hivyo, hakikuwa uwongo. Damu yangu ya mwezi ilikuwa imeanza kwa kuongezeka siku mbili tatu, kisha ikawa siku kumi na mbili, kisha nikapoteza hesabu. Nikipanda ngazi za nyumba yetu napumzika mara mbili njiani. Nilikuwa natamani kutafuna barafu mchana kutwa, tabia ambayo nilikuja kuambiwa baadaye kuwa ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma katika mwili. Na tumbo likaanza kujaa upande wa chini, gumu, hata wanawake wenzangu wakawa wananipa hongera kwa macho.

Nilipokuwa mdogo, katika miaka ya sabini, nilikuwa na shangazi aliyekuwa na tumbo kama hilo. Sisi watoto tulisema hivyo tu: shangazi ana tumbo. Wakubwa walikuwa na maneno zaidi. Wengine walisema mimba imekwenda mgongoni, wengine wakasema kuna jini amemfunga kizazi, na walio wengi wakasema ni chango. Aliachwa na mume wa kwanza kwa kutozaa, akaolewa uke wenza na wa pili, akaachwa tena. Alikufa na tumbo lake, na hapana daktari aliyepata kulishika. Siwezi kuapa kuwa ilikuwa ni fibroidi. Lakini nilipolishika tumbo langu mwenyewe usiku, nimelala chali, ni yeye niliyemkumbuka.

Neno hili chango limebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Tumbo likisokota ni chango, mtoto mchanga akilia usiku ni chango, mwanamke asiposhika mimba ni chango, na akimwaga damu kupita kiasi ni chango vile vile. Mimi ni mtu wa maneno na nayapenda ya zamani, lakini neno lenye maana nyingi namna hiyo halimwonyeshi mgonjwa njia ya kwenda. Nilikunywa dawa za mizizi za chango kwa mwaka mzima, chupa baada ya chupa, bila ya kujua mlikuwa na nini ndani yake. Kombe pia nililinywa, na hilo silijutii wala sitalijutia. Maneno ya Mola ni shifaa. Ila hakuna aya niliyosomeshwa inayosema kuwa mwenye kunywa kombe asiende kwa daktari.

Nililolijuta ni jambo jingine. Nilisoma chuoni kwa mwalimu mwanamke, na katika Safina tulifundishwa kuwa hedhi uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, aghalabu yake ni siku sita au saba, na wingi wake siku 15. Tulikuwa wasichana, tukakariri huku tukichekeana, tukapita. Sasa damu inanijia siku 20 na zaidi, nami nikawa nimeacha sala siku zote hizo, nikidhani kuwa madamu damu yatoka basi mimi sina tohara. Ramadhani ya 2010 nilifunga siku chache za kuhesabika kwa vidole. Nilikaa nyumbani nasikiliza adhana kama mtu aliyefukuzwa.

Mwaka 2011 nilimwendea mwalimu wangu yule, keshakuwa kikongwe, nikamweleza kwa mafumbo. Alinikata maneno. Akaniuliza ni siku ngapi. Nilipomjibu akasema, 'Mwanangu, umesahau nilichokufundisha?' Akanikumbusha kuwa damu inapopita siku 15 mna istihadha ndani yake, na istihadha haimwondolei mtu faradhi. Mwanamke huoga zinapokwisha siku zake za hedhi, kisha akawa anajisafisha na kujifunga vizuri, anatia udhu baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, anasali, na anafunga. Kuzijua siku zipi ni za hedhi na zipi si za hedhi kuna hesabu yake, kwa sifa za damu au kwa ada ya mwanamke mwenyewe alivyokuwa zamani, na si hesabu ya kukisia. Amwulize mwenye elimu. Mimi nilikisia, nikakosea, na sala zile nimezilipa kwa miaka.

Kisha akanisimulia habari za Fatima binti Abi Hubaysh, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kuwa damu haimkatiki, je, aache kusali? Akajibiwa kuwa huo ni mshipa, wala si hedhi. Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu utotoni. Lakini mwalimu alinitazama akasema, 'Yule mwanamke aliuliza. Wewe umekaa na kitu hiki miaka miwili, na chuo umesoma.' Halafu akaniuliza kama nimekwenda hospitali.

Daktari wa kwanza niliyemwona alikuwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilingoja kwa saa tatu, na hukumu ilichukua dakika tano. Aliitazama picha yangu ya tumbo, akauliza nina watoto wangapi. Wawili. Umri? Miaka 42. 'Basi tutakitoa kizazi.' Alisema hayo huku akiandika, hakuinua macho. Akanipa karatasi nikamtilishe mume wangu sahihi. Nilipouliza kama kuna njia nyingine, alisema kwa Kiingereza kitu ambacho sikukishika chote, na muuguzi akamwita mgonjwa mwingine.

Nilikwenda nyumbani nikaitia ile karatasi chini ya godoro, na ningekaa nayo miaka mingine miwili lau si dada yangu mkubwa, aliyenishika mkono akanipeleka kwa daktari mwingine, mwanamke wa makamo. Huyu alichukua kalamu akanichorea. Alichora kizazi mfano wa kibuyu kilichopinduliwa mdomo chini, akasema kwa kawaida hakizidi ngumi. Fibroidi, akasema, ni uvimbe unaoota kutokana na nyama ile ile ya kizazi; si saratani, na ni nadra mno uvimbe wa namna hii kuwa saratani. Hulishwa na homoni za kike, ndiyo sababu humwandama mwanamke katika umri wa kuzaa na aghalabu husinyaa hedhi inapokatika. Ukiendelea kukua baada ya hapo, au damu ikirudi baada ya kukatika, basi hapo pana haja ya kuchunguzwa haraka kwa jambo jingine.

Akaniambia pia kuwa sikulaaniwa wala sikufanyiwa na mtu. Utafiti uliofanywa Washington, Marekani, na kutangazwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wamepata uvimbe huu wakifikia umri wa miaka 50, na weupe karibu 70. Wengi wao hawajui kama wanao, kwani hauwasumbui. Niliposikia hivyo nilifikiria ile harusi ya Kibokoni: wanawake mia na zaidi tumekaa mkekani, kila mmoja na kanga zake.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo naona ndilo ufunguo wa mambo yote, ni kuwa ukubwa wa uvimbe si hoja kama mahali ulipokaa. Upo unaoota nje ya ukuta wa kizazi, huo unaweza kufika kama dafu na damu isiongezeke hata tone, ila ukakandamiza kibofu ukawa waamka usiku mara nne. Upo unaoota ndani ya ukuta wenyewe. Na upo unaoingia katika uwazi wa ndani, pale mimba inapotunzwa, na huo hata ukiwa mdogo kama ndimu waweza kukumwaga damu na kuharibu mimba. Mimi nilikuwa nao watano. Mkubwa alikuwa kama chungwa na hakuwa na kosa kubwa. Mkosaji alikuwa ile ndimu.

Kipimo cha damu kilisema 6.8, ilhali mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kuwa chini ya 12. Daktari akasema kabla ya kuzungumza juu ya kisu au cha nani, tuijaze damu kwanza. Akanipa vidonge vya chuma, na akanikataza kuvinywa pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kwa mtu wa Mombasa aliyelelewa kwa chai na mahamri, hilo ni pigo. Nikawa navinywa kwa maji ya machungwa, na chai naivuta mbele saa mbili.

Ama kuhusu tiba, alinieleza moja moja, na mimi nitayataja kwa namna nilivyoyapima, si kwa namna yanavyoandikwa vitabuni. Kwanza, kama uvimbe hausumbui, kuuacha na kuutazama ni tiba pia. Hilo halikunihusu. Kuna vidonge vya traneksamiki vinavyonywewa siku za damu tu, hupunguza damu lakini uvimbe huuacha ulivyo. Nilivitumia, vikanisaidia kiasi. Kuna koili yenye homoni inayotiwa kizazini, nzuri kwa wengi, ila kwangu ile ndimu ilikuwa imekalia mahali pake. Kuna sindano za kila mwezi zinazousinyaza uvimbe kwa kumtia mwanamke katika hali kama ya aliyekatika hedhi, pamoja na joto lake na jasho lake. Hazichomwi muda mrefu kwa sababu hudhoofisha mifupa, na uvimbe hurudi zikiachwa, lakini hufaa kwa kumwandalia mtu operesheni. Siku hizi kuna na vidonge vya jamii hiyo, vilivyochanganywa na homoni kidogo ili kulinda mifupa. Marekani iliviruhusu kwa damu ya fibroidi mwaka 2020 na 2021. Nilipougua mimi havikuwapo.

Ipo pia njia ya kuziba mishipa. Mfaransa Jacques Ravina na wenzake waliitangaza mwaka 1995: hupitishwa mrija mwembamba katika mshipa wa damu, pajani au mkononi, hadi kwenye mishipa inayolisha kizazi, kikamwagwa kitu kama mchanga mwembamba, na uvimbe ukakosa chakula ukanyauka. Tumbo halipasuliwi na kizazi hubaki. Nilivutiwa sana. Niliambiwa kuwa wakati huo ingenibidi nifunge safari ya Nairobi, na gharama yake ilizidi mfuko wa mtunga mashairi. Nikaambiwa pia kuwa si chaguo la kwanza kwa anayetaka kushika mimba baadaye.

Zikabaki operesheni mbili: kutoa uvimbe na kuacha kizazi, au kutoa kizazi chote. Hiyo ya kuacha kizazi ina historia inayonigusa. Bingwa wake mkubwa alikuwa daktari Mwingereza Victor Bonney, aliyeishi tangu 1872 hadi 1953. Mkewe mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, hawakupata mtoto, na Bonney akautumia umri wake kuwafundisha madaktari kuwa uvimbe waweza kutolewa na kizazi kikashonwa kikabaki. Mwanamke mmoja alimtoa vimbe zaidi ya mia mbili. Lakini njia hii nayo ina madeni yake: damu nyingi yaweza kumwagika mezani, vimbe nyingine zaweza kuota baada ya miaka, na mwanamke akishonwa ukuta wa kizazi kwa kina, aghalabu huzalishwa kwa kupasuliwa.

Miezi mitatu niliyapima hayo. Mume wangu alikuwa na hamu ya mtoto wa tatu, hakuisema lakini niliijua. Mimi pia nilikuwa nayo, mchana. Usiku nikiamka kubadilisha vitambaa mara ya tatu nilikuwa sina. Shoga zangu waliniambia kuwa mwanamke aliyetolewa kizazi huwa kisima kikavu, mumewe humkimbia, na ndevu humwota. Nilimpelekea daktari maneno hayo kama yalivyo. Akacheka, kisha akanijibu kwa utulivu kuwa mifuko ya mayai ataiacha, nayo ndiyo yenye homoni, kwa hiyo nitabaki mwanamke nilivyo ila sitapata hedhi wala mimba.

Nikachagua kutoa kizazi.

Nanyi mwaona, wasomaji, kuwa hilo ndilo alilolisema yule daktari wa kwanza kwa dakika tano. Operesheni ni ile ile. Lakini ile ya kwanza ingekuwa nimenyang'anywa, na hii nilitoa mwenyewe, nikijua natoa nini na nabaki na nini. Nilimwambia bwanangu baada ya sala ya Isha. Alikaa kimya siku mbili, sikujua ananuna au anaomba dua. Siku ya tatu alikuja hospitali na rafiki zake wawili wa barazani, wote watatu wakatoa damu kwa ajili yangu.

Nilipasuliwa mwaka 2012. Wiki sita sikuinua hata ndoo ya maji. Nitasema ukweli kuwa nililia, si kwa maumivu. Nililia siku moja nilipokuwa nakunja vile vitambaa nivitupe, na nikajua kuwa mlango ule umefungwa. Sikujuta, lakini nilikaa na msiba wangu kwa muda, na walionizunguka hawakuelewa mtu anamlilia nani ilhali hakufa mtu. Ya chumbani siyaandiki gazetini, ila wale shoga zangu wajue kuwa kisima hakikukauka, na bwana yupo hadi leo analalamika chai ina sukari haba. Na tangu nilipooga baada ya damu ya operesheni kukoma, sikupata tena udhuru wa kuacha sala hata siku moja.

Sasa nimfikie huyo binti wa dada yangu. Ana miaka 29, ameolewa miaka miwili iliyopita, na mimba moja imemharibikia. Alikuja kwangu Ijumaa baada ya sala, akanibusu mkono, akakaa, akatoa bahasha ya picha ya tumbo na karatasi ya Kiingereza tupu. Mama mkwe wake amempa chupa ya dawa ya chango. Alitaka nimwambie neno moja: afanye kama nilivyofanya au asifanye?

Nilimwambia kuwa mimi si kipimo chake. Nilikuwa na watoto wawili na miaka 42; yeye ana miaka 29 na anataka mtoto. Wanawake wengi wenye fibroidi hushika mimba na kuzaa salama bila ya kuguswa, na kama uvimbe wake uko katika ule uwazi wa ndani, upo uwezekano wa kutolewa kwa chombo kinachopitishwa njia ya uzazi, bila ya kupasua tumbo. Yote yategemea mahali ulipokaa. Tulikaa mkekani na ile karatasi, mimi na kamusi, tukatafsiri neno baada ya neno, mpaka tukafahamu kuwa unao uvimbe mmoja ndani ya ukuta na mwingine haujulikani vizuri kama umeingia katika uwazi au la. Huo wa pili ndio wa kuuliziwa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ya nchi yetu imeandika kuwa mgonjwa aelezwe hali yake na tiba zilizopo, faida zake na hatari zake, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Nilimwambia alikumbuke hilo. Akasema, 'Mama mdogo, nitamwambiaje daktari aseme Kiswahili? Ataniona sikusoma.' Msichana huyu ana diploma ya ualimu.

Ndipo tulipotoa daftari tukaandika maswali, kwa Kiswahili. Uko wapi huo wa pili? Ndio ulioharibu mimba? Tukiuacha itakuwaje, na tukiutoa, ningoje muda gani kabla ya kushika mimba? Nitazalishwa kwa kisu? Damu yangu ni ngapi leo? Ya dawa ya chupa nilimsihi aichukue aende nayo akamwonyeshe daktari, asiifiche. Nilidhani tumemaliza, nikainuka kutia chai. Niliporudi alikuwa ameongeza swali moja kwa mwandiko wake mdogo, kama nitaweza kufunga Ramadhani, na chini yake ameandika jina la mumewe, kwa kuwa anataka naye awepo asikie.

Miadi ni Jumatatu. Mama mkwe amesema atakuja pia.